Barua kwa mwanangu: bendi iliyokufa kabla kibao chake cha mwisho hakijavuma

Mwanangu,

Umesema ninyi watano mmekubaliana kugawana sawa "kila kitu", na karatasi mtaandikiana baadaye. Kabla hamjaingia studio, nikusimulie habari za The Zombies wa Uingereza. Nao walikuwa watano, nao walipendana.

Walianzia St Albans, kaskazini ya London, wakiwa bado vijana wa shule: Rod Argent kwenye kinanda, Colin Blunstone mwimbaji, Paul Atkinson gitaa, Chris White besi, Hugh Grundy ngoma. Mwaka 1964 walishinda shindano la bendi, wakapata mkataba na kampuni ya rekodi ya Decca. Kibao chao cha kwanza, "She's Not There", kikapanda hadi nafasi ya 2 Marekani, ingawa kwao kiliishia ya 12. Mwaka uliofuata wakaingia tena kumi bora za Marekani. Baada ya hapo, kwa miaka, karibu kila walichotoa kikawa kinadoda.

Sasa njoo kwenye hesabu. Santuri ndogo ina pande mbili, na mtunzi wa upande wa pili hulipwa mrabaha, yaani fungu la mtunzi kwa kila nakala, sawasawa na wa upande wa kwanza, hata kama hakuna anayeugeuza. Wimbo uliovuma, "She's Not There", ulikuwa wa Argent. Wa nyuma yake ulikuwa wa White. Kila nakala iliyouzwa iliwalipa hao wawili kama wapigaji, kisha ikawalipa tena kama watunzi. Blunstone, ambaye sauti yake ndiyo iliyouza santuri, alibaki na fungu la mpigaji tu, sawa na Atkinson na Grundy. Maonyesho yakipungua, mtunzi bado anakula. Mwenzake anahesabu nauli. Bendi hupasuka hivyo bila mtu kumkosea mwenzake.

Mwaka 1967 kampuni nyingine ya rekodi, CBS, waliwapa pauni 1,000 watengeneze albamu nzima. Walianza kurekodi Juni katika studio za EMI, Abbey Road, muda mfupi baada ya The Beatles kumaliza yao humo humo. Fedha ilikuwa kidogo, kwa hiyo walifanya mazoezi ya kutosha kabla ya kuingia, wasije wakatafuta nota kwa saa ya kulipia. (Hilo nanyi mliige.) Mashine ya kurekodi ilikuwa ya njia nne, yaani mkanda wenye sehemu nne za kuweka sauti mbalimbali. Ukizijaza, unazichanganya na kuzihamishia kwenye mashine ya pili zikae njia moja au mbili, ndipo unapata nafasi ya kuongeza sauti. Kila uhamisho unazidisha mvumo wa mkanda, na wakati huo ngoma ukishaichanganya na besi hukuweza kuitenganisha tena.

Kosa lililowagharimu lilikuja mwishoni. Walichanganya albamu kwa mono (sauti zote mahali pamoja), fedha ikaisha, kisha kampuni ikataka stereo (sauti zilizogawanywa kushoto na kulia). Argent na White wakalipa kwa mifuko yao, na unajua mifuko hiyo ilijazwa na nini. Hata hivyo wimbo mmoja, "This Will Be Our Year", uligoma: tarumbeta zilikuwa zimepigwa moja kwa moja wakati wa kuchanganya mono, hazikuwa kwenye mkanda wa njia nne. Ikabidi watoe stereo ya kubuni kutoka kwenye mono hiyo. Sauti isiyo na njia yake ni vigumu kuipata safi baadaye, hata kwa kompyuta mliyonayo leo.

Desemba 1967 wakavunja bendi. Albamu, "Odessey and Oracle", ilitoka Aprili 1968 haina wenyewe, na jina lake limekosewa herufi na mchoraji wa jalada. Al Kooper, mtayarishaji wa muziki aliyekuwa CBS Marekani, akasisitiza itolewe kule. Mwanzoni mwa 1969 wimbo mmoja wa albamu hiyo, "Time of the Season", ukafika nafasi ya 3 huko Marekani. Mtunzi aliyesajiliwa: Argent peke yake. Yeye alikuwa tayari anaunda bendi nyingine. Blunstone alikuwa ameajiriwa ofisi ya bima. Marekani wakazuka The Zombies bandia, na kundi moja lilikuwa na Dusty Hill na Frank Beard, ambao baadaye walikuwa katika ZZ Top, bendi ya Marekani iliyovuma. Wenye jina walikuwa mbali, na hawakuwa wakipanda jukwaani.

Kwa hiyo neno lenu "kila kitu" livunjeni vipande. Utunzi ni fungu lake: siku wimbo unapokamilika andikeni asilimia za kila mmoja, zifike 100, wote watano waweke saini, hata mwenye sifuri. Mauzo ya rekodi ni fungu jingine. Maonyesho jingine, na humo semeni nani anatoa mafuta ya gari na matengenezo ya vyombo kabla ya kugawana. Jina la bendi nalo liandikieni mwenyewe, na nani abaki nalo wawili wakiondoka.

Nitumie karatasi hiyo niisome kabla hamjalipia studio.

Mzazi wako