Usikilinde Kiswahili, Linda Lugha ya Mama Mkwe

Vadodara, Gujarat
14 Julai 2025

Mpendwa Rehema,

Hujambo shoga yangu, na huyo wa tumboni hajambo? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua za huku zimeshaanza, nguo hazikauki, na watoto wamerudi shule na makoti yao ya plastiki.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza wote, hata pale ulipolia kidogo halafu ukacheka. Na ile ratiba uliyonitumia nimeiona: Kiswahili asubuhi, Kigujarati jioni, Kiingereza Jumamosi. Ichane, Rehema. Mtoto hajazaliwa tayari umempangia zamu kama mlinzi wa benki.

Unasema mimi nimeweza kulea watoto wa Kiswahili kwenye nyumba ya Kigujarati, nikupe siri ili wako naye, ambaye baba yake ni Mgujarati wa huko Dar, asikipoteze. Siri hakuna, ila yapo niliyoyaona na nitakusimulia, kisha nitakuambia jambo ambalo huenda usilipende.

Unakumbuka tulivyoanza. Nilipotangaza kwetu Muheza kwamba naolewa na Mgujarati, shangazi akanitupia ile ya Baniani mbaya kiatu chake dawa. Upande wa huku mjomba wa mume wangu akauliza kama kwetu kuna umeme. Tukafunga ndoa ya serikali kwa Sheria ya Ndoa Maalumu ya 1954, ile ya watu wa dini tofauti. Mnatoa notisi, inabandikwa ofisini siku 30, mwenye pingamizi ajitokeze. Hakujitokeza mtu, ingawa mwenye pingamizi tulikuwa tunakunywa naye chai kila asubuhi.

Huyo ni Ba, mama mkwe wangu. Yeye ni mzaliwa wa Mandvi, bandari ya Kutch, wilaya ya jimbo hili la Gujarat, India, ambako hadi leo wanaunda vyombo vya mbao kando ya mto Rukmavati. Jahazi za huko ndizo zilizokuwa zikija na kaskazi mpaka Zanzibar. Lugha yake ni Kikachi. India ina lugha 22 zilizoorodheshwa kwenye katiba, Kikachi hakimo. Shuleni Ba alisomeshwa kwa Kigujarati, na mpaka sasa akihesabu hela au akikasirika anarudi kwenye Kikachi chake.

Sasa piga picha nyumba yetu. Ba na mume wangu, Kikachi. Majirani na sokoni, Kigujarati. Televisheni, Kihindi. Shule, Kiingereza, na Kigujarati nacho ni somo la lazima kwa sheria ambayo bunge la jimbo liliipitisha 2023. Lugha nne zimekwisha kukaa sebuleni kabla yangu haijavua viatu mlangoni.

Watu watakuambia useme Kiswahili tu na mtoto, usiteleze hata neno. Mimi nilisema na wanangu Kiswahili tangu siku ya kwanza, na Asha, binti yangu mkubwa, akawa ananielewa kila kitu na kunijibu Kigujarati. Kwa nini ajisumbue? Anajua mama yake anaelewa. Mtoto ana akili ya biashara, halipi bei mbili kwa kitu kimoja.

Kilichomfungua mdomo ni bibi yake wa Muheza. Mama yangu hana Kiingereza wala Kigujarati, na huwezi kumdanganya kwa kutikisa kichwa kwenye simu. Tunampigia baada ya chakula cha usiku. Kwao saa moja jioni, kwetu saa tatu na nusu. Asha alikuwa na jino linalotikisika na alitaka bibi ajue. Akanigeukia nimsemee. Nikaenda chumba cha pili kukunja nguo. Nikasikia anaguna, anatafuta, anachanganya, mwishowe akasema, "Bibi, jino yangu inacheza!" Mama akacheka mpaka akakohoa. Toka siku hiyo nikajua kazi yangu ni kununua bando na kutoka chumbani.

Kuna kituko kimoja lazima nikupe. Kigujarati bibi mzaa mama anaitwa Nani. Sasa mama yangu akipokea simu huuliza kama tuulizavyo sote, "Nani?" Na Asha humjibu kwa furaha, "Wewe!" Walizunguka hivyo muda mrefu, kila mmoja akidhani mwenzake anafanya mzaha. Leo Muheza nzima inamwita mama Bibi Nani.

Mwalimu mmoja aliniita akanishauri nipunguze lugha nyumbani, ati mtoto anachanganya. Kweli anachanganya. Huyu mdogo wake ndiyo kabisa, huniambia "Mama, mane maji joie", neno maji ni Kiswahili changu na yaliyobaki ni Kigujarati. Nikampa maji. Kwani sisi Dar tukisema "nime-miss sana" tunapelekwa hospitali? Wanachanganya wakiwa na sisi kwa sababu sisi tunaelewa vyote. Akiwa na bibi Muheza, kile Kigujarati kinajificha chenyewe.

Suala la chakula tulilimaliza haraka. Jikoni kwa Ba hakuingii samaki wala yai, na sikupigania. Mchicha upo tele, nazi ipo, dengu wanazitia sukari guru na siku hizi hata mimi nazipenda. Dagaa watoto wanawala Muheza, tena kwa fujo.

Lililonitoa jasho ni rangi. Hilo hukuniuliza, lakini litakukuta, hata huko Upanga. Nilipokuwa na mimba majirani waliniletea maziwa yenye zafarani, ati mtoto atoke mweupe. Asha alipozaliwa Ba akawa anamkanda kila asubuhi kwa unga wa dengu, manjano na maziwa. Mikono yake mizuri, mtoto analala, na mimi nasimama mlangoni nafurahia. Mpaka siku moja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia unga wa chapati, kwamba tukianza mapema rangi itashuka.

Sikumjibu. Usiku nilimwambia mume wangu: hili utalisema wewe, na utalisema kwa Kikachi. Kama ningelisema mimi kwa Kigujarati changu cha dukani, lingekuwa ugomvi wa mkwe wa kigeni. Alilisema. Ba akakaa kimya siku kadhaa, chai inanywewa bila maneno. Kisha asubuhi moja akamchukua mtoto akamkanda kama kawaida, safari hii kwa mafuta ya nazi peke yake. Hakuomba radhi na sikudai. Siku hizi Jumapili nikimsuka Asha twende kilioni, Ba ndiye ameshika kitana na chupa ya mafuta, anahesabu mistari kwa Kikachi na kulalamika kwamba wa tatu umepinda. Huwa umepinda kweli.

Nje ya nyumba, watu wakiziona nywele za watoto huuliza kama ni Wasiddi. Wengine wakishajua mama ni mimi wanaanza kuomba radhi, na hapo ndipo wananiudhi, kana kwamba Msiddi ni tusi. Hawa ni watu wa Gujarat ambao mababu zao walitoka Afrika, karne kwa karne, wengine watumwa, wengine mabaharia na askari. Tuliwapeleka watoto Ratanpur, upande wa Bharuch, kwenye kaburi la Bava Gor, walii wao ambaye wanasimulia alitoka Uhabeshi. Wasiddi wakacheza goma. Wanaiita hivyo hivyo, goma, na moja ya ngoma zao ni musindo. Rehema, mtu wa Tanga akiusikia mlio ule miguu haimsikilizi tena. Nilicheza mpaka kanga ikafunguka.

Halafu nikamsalimia mama mmoja mtu mzima, "Shikamoo." Akatabasamu, akaniuliza kwa Kigujarati kama nimekula. Asha akanivuta, "Mama, anafanana na Nani, mbona hasemi Kiswahili?" Nilimjibu kwamba mababu zao waliletwa kutoka sehemu mbalimbali, kila mtu na lugha yake, wakatawanywa, wakakosa wa kusema naye. Ngoma imebaki kwa sababu walii wao bado anachezewa. Lugha ilikosa kazi.

Wala tusiwaonee huruma kwa mbali, maana sisi wenyewe je? Mama yangu na dada zake wakitaka kumsengenya mtu huhamia Kibondei, na mimi naambulia jina la anayesengenywa, basi. Hakuna aliyenikataza Kibondei. Kanisa, shule, redio, vyote Kiswahili, na bibi yangu aliyekuwa hana kingine alifariki nikiwa mdogo. Mume wangu naye Kikachi chake kimejaa viraka vya Kigujarati, na binamu zake waliohamia Mumbai wanakisikia tu, hawakisemi. Kumbe ndani ya nyumba hii lugha zilizo hatarini ni mbili, na moja ni ya Ba.

Ndiyo maana sasa nakuambia lile usilolipenda. Wewe unahangaika kukilinda Kiswahili, na uko Dar es Salaam! Mtoto wako atakiokota kwa dada wa kazi, kwa muuza maandazi, kwenye daladala, kwenye matangazo ya mpira. Hata ukimfungia ndani kitaingia dirishani. Inayohitaji mlinzi ni ya mama mkwe wako. Huko Upanga, wewe ndiye serikali na yeye ndiye mimi.

Najua hampatani. Najua alichosema kwenye sendoff. Lakini yule mama ndiye mtu pekee ambaye mtoto wako atamhitaji kwa Kigujarati. Mumeo hatoshi, maana anajua Kiswahili kuliko wewe, na mtoto atagundua hilo kabla hajaota meno. Kwa hiyo Jumamosi mpeleke kwa bibi yake, umwache, uondoke. Usikae kutafsiri. Usimrekebishe bibi, na akimwimbia za kwao usiulize maana yake nini. Akianza habari za zafarani na unga wa dengu, hapo mtume mumeo.

Na wewe jifunze kidogo, angalau ya jikoni. Si kwa ajili ya mtoto tu. Mimi siku niliyomjibu Ba kwa sentensi mbovu ya Kikachi, alinisahihisha kwa ukali kama anavyowasahihisha binti zake, na tangu hapo ananigombeza sawa na wao. Nilikuwa nimechoka kutendewa kama mgeni.

Naye amepata chake kwetu. Jioni watoto wakitaka hadithi, Asha anaita "Paukwa!" na Ba, bila kujua ni nini, anajibu "Pakawa!" kwa sauti ya kutisha kuliko mimi. Hadithi yenyewe inafuata kwa Kikachi. Sijui nani alipanga hivyo, sikuwa mimi.

Tukijaliwa tutakuja Mei, shule zikifungwa, na tutapita kwako kabla ya kupanda basi la Tanga. Naomba unitafutie vitabu vya watoto vya Kiswahili, vile vyenye picha kubwa na maneno machache, na kanga mbili, moja ya Ba. Kwenye ya Ba chagua jina lenye adabu, maana mume wangu atalazimika kumsomea.

Hilo jina la mtoto mnalogombania, mkishaamua niambie upesi, Asha anataka kulifanyia mazoezi. Msalimie mumeo, na mama mkwe wako pia, mwambie mimi wa Vadodara ninamwamkia.

Wako,
Stella