Kamba ya kitambulisho shingoni iwe inaachia

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi niongee na wazazi wenzangu. Hizi kamba za vitambulisho na funguo tunazowavalisha watoto shingoni, nyingi tunazipiga fundo gumu tu basi, sasa mtoto akiteleza kwenye bembea au akashuka ukuta kamba ikanasa, nini kitaachia? Shingo haiachii jamani, hilo linanikosesha usingizi.

Mimi natengeneza hivi. Nakata kamba ya nailoni kama sm 90, naunguza ncha kwa kiberiti zisifumuke, ila sizifungi pamoja, kila ncha nashonea kipande kidogo cha velkro, ile ya kunatanata ya viatu vya watoto, na maungio yanakaa nyuma ya shingo. Halafu najaribu, na hapa ndo wengi wanaruka: natundika kitanzi kwenye msumari, maungio yawe pembeni, naning'iniza dumu lenye maji lita 2. Lazima iachie yenyewe. Isipoachia napunguza velkro, narudia tena mpaka iachie. Velkro ikijaa vumbi haishiki vizuri, badilisha, ila usije ukaongezea fundo la akiba, maana hapo umeua kazi yote.

Na kwenye mashine ya kusaga au drili, kitu chochote kinachozunguka, ivue kabisa hata kama inaachia. Shule zinazogawa kamba za vitambulisho naziomba sana zinunue zenye kifungo cha kuachia nyuma.

Mama wa watoto wawili, Morogoro