Malalamiko kuhusu ziara ya magofu ya ngome ya Hachigata pamoja na mbwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUDAI MAREJESHO YA FEDHA ZA ZIARA YA YORII

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Kawagoe, mkoani Saitama, na ndiye niliyekuja na mbwa kwenye ziara yenu ya Jumapili iliyopita, ya magofu ya ngome ya Hachigata mjini Yorii. Simu nimeshapiga nikaambiwa "tutalifanyia kazi". Sasa naandika.

Tangazo lenu la Kiswahili liliahidi kwamba mteja atatembea na mbwa wake ndani ya ngome ya zama za kati iliyorejeshwa. Kwa ahadi hiyo nililipa nauli yangu na nyongeza ya yeni 3,000 kwa ajili ya Tangawizi, mbwa wangu wa kilo 12. Nyongeza sikuilalamikia. Kwenye treni za JR, kampuni za reli za hapa Japani, mbwa hupanda akiwa ndani ya kasha, na kasha na mbwa kwa pamoja visizidi kilo 10, kwa hiyo basi lenu dogo ndilo lililokuwa tegemeo letu. Na haki ya mtu nimpe: dereva alitupokea vizuri, akatutandikia hadi turubai.

Kasheshe ilianza tulipofika. Mwongozaji aliliingiza kundi makumbusho, akaniambia nibaki kwenye maegesho na mbwa, juani. Kuzuiwa makumbusho sina neno nako. Lakini walipotoka, alidai kwamba hata magofuni mbwa haingii kwa kuwa "ni eneo la kihistoria". Wakati anasema hayo, mzee mmoja wa pale alikuwa anateremka tutani na mbwa wake, kamba mkononi. Nikamwonyesha mwongozaji. Akacheka, akasema mbwa kazi yake kulinda, utalii wa nini! Utani wa pwani naujua, nimekulia Tanga. Ila huo sikuulipia.

Nilimwomba akaulize pale makumbusho, hatua chache tu. Hakwenda. Nikaenda mwenyewe na Kijapani changu cha kuungaunga, nikajibiwa kwamba nje hapana shida, mradi mbwa awe kwenye kamba na uchafu wake niuokote. Niliporudi na jibu hilo, wenzangu walikuwa wameshapiga picha langoni na basi linanguruma.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mnauza mahali msipopajua. Hachigata si jumba. Samurai Nagao Kageharu aliijenga mwaka 1476 juu ya genge, kati ya mto Arakawa na kijito cha Fukasawa. Baadaye ikawa mikononi mwa Hojo Ujikuni, mbabe wa vita, na mwaka 1590, baada ya kuzingirwa kwa takriban mwezi mmoja, ikasalimu amri kwa majeshi ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyekuwa akiiunganisha Japani. Kilichobaki leo ni matuta, mahandaki makavu na nyasi. Vilivyorejeshwa, lango la mbao na kuta za mawe zilizopangwa kwa ngazi, vimesimama nje, mvua yao jua lao. Hakuna mkeka wa tatami ambao Tangawizi angeuchafua. Ndiyo maana niliichagua ziara hii nikaacha zile za ngome zenye mnara, ambako mambo mengi huwa ndani.

Na tukitaja mnara: ule mweupe kwenye tangazo lenu ni wa ngome ya Himeji, uliokamilika mwaka 1609, huko mkoani Hyogo, mbali kabisa na Saitama. Mama mmoja kwenye basi alikuwa akiuliza mpaka tunaondoka, mnara wenyewe uko wapi. Hakuna aliyemjibu.

Naomba nirudishiwe yeni 3,000 zote za mbwa pamoja na nusu ya nauli yangu. Picha ya Himeji iondolewe kwenye tangazo, na waongozaji wenu wapewe kwa maandishi ni wapi mbwa anaruhusiwa na wapi haruhusiwi, kabla hamjamtoza mteja mwingine.

Nimeambatisha nakala ya stakabadhi, picha ya tangazo na namba ya akaunti. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipokuja, nitapiga 188, namba ya msaada kwa walaji hapa Japani, na kulifikisha suala hili huko.

Wenu,
Mteja wa ziara ya Yorii, Kawagoe
(jina kamili liko kwenye stakabadhi)