Dagaa wa Lolwe wanaishia kwa kuku

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme la visiwani Namayingo, huku Uganda, maana kila nikisoma habari za Ziwa Victoria ni sangara tu, sangara wa viwandani, sangara wa Ulaya, wanajeshi wamekamata nyavu, basi. Mukene, yaani hawa dagaa wetu, nani anaisemea?

Juzi nilienda kisiwa cha Lolwe kumsalimia shemeji yangu anafanya biashara huko. Ukishuka boti ni mawe makubwa makubwa, vibanda vya mabati vimebanana, Kiswahili, Kisamia, Kijaluo na Kiganda vyote vinapigwa palepale mwaloni, na harufu ya dagaa ambayo wewe utaizoea ila nguo zako hazitazoea. Usiku wa giza wanaume wanatoka na taa za sola, dagaa wanafuata mwanga wanazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikiwa kubwa hakuna kazi, watu wanashona nyavu na kucheza omweso, ule mchezo kama bao.

Asubuhi ndio zamu ya akina mama. Wananunua kwa beseni, wengine kwa mkopo, wanamwaga mchangani ama juu ya mawe wanatandaza, jua likiwaka vizuri inakauka siku hiyohiyo. Sasa mimi nikiwa pale wingu likafunga ghafla, mvua ikashuka, mama mmoja akakimbia na turubai limetoboka, akafunika nusu, nusu ikalowa ikajaa mchanga. Akaniambia, "Hii sasa ni ya kuku, mwalimu," akaendelea kukusanya. Yaani watu wa chakula cha mifugo wataichukua kwa bei ya kutupa, na ileile ingekuwa safi ingeliwa na watu, wafanyabiashara wanaipeleka mpaka Kongo na Sudan Kusini.

Dawa yake ni vichanja. Miti, wavu mkuukuu juu, kimo cha kiuno, maji yanachuruzika na upepo unapita chini, mbuzi hawakanyagi, na mvua ikija unafunika turubai bila kugusa mchanga. Lakini mbao zinatoka bara kwa boti na mwenye deni la beseni atazinunua na nini?

Wakubwa wakifika wanapima boti kama ina futi 28 na sangara kama ana inchi 20, sawa, sheria tunaitaka. Ila pesa za miradi zikija zinaenda kwa vikundi vya wenye boti na injini. Wilaya iwape wakaushaji mbao na turubai kwa mkopo, wenyewe, walipe kidogokidogo mukene ikiuzwa, na ianze kabla masika hayajaingia.

Mwalimu,
Busia