Utando Mweupe Sakafuni: Kabla Hujamwaga Asidi, Jua Marumaru Yako ni Jiwe Gani

Simu nyingi tunazopokea huanza hivi: "Fundi alishamaliza zamani, tumedeki mpaka tumechoka, lakini sakafu ikikauka weupe unarudi." Swali letu la kwanza wateja huliona la ajabu: hizo marumaru ni marumaru kweli?

Lugha ya mjini imetuponza hapa. Dar es Salaam kila kinachobandikwa sakafuni ni marumaru: kigae cha kiwandani, graniti, na jiwe lenyewe la marumaru lililokatwa mlimani. Fundi aliyezoea vigae vya kiwandani akiambiwa aondoe grauti (saruji ya kujazia nafasi kati ya vigae) iliyogandia na kuacha weupe huo, anafanya anachofanya siku zote. Anamwaga asidi au dawa ya choo, anasugua, anasuuza, na mara nyingi mambo yanakwenda sawa. Akifanya hivyo kwenye marumaru ya jiwe, ameiharibu.

Grauti ya kawaida, hata ile saruji nyeupe inayokorogwa kama uji na kusukumwa kwa raba sakafu nzima, ni saruji, na saruji inatokana na mawe ya chokaa. Ndiyo maana kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kikajengwa pale penye mawe ya matumbawe. Marumaru, travatini na mawe ya chokaa ni wa ukoo huohuo, yaani kalsiamu kaboneti. Asidi inayokula grauti inakula na jiwe, na jiwe lenye polishi halifichi jeraha.

Tuliwahi kuitwa nyumba moja Mbezi Beach.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone. Nimemwaga chupa nne, weupe unazidi tu."

Tulifunga mapazia, tukalaza tochi ya simu sakafuni ili mwanga upite kwa ubavu. Karibu na mlango wa jikoni ikajitokeza mistari ya nusu duara, ikivuka kutoka kigae hadi kigae: njia za sponji ya fundi. Sebuleni hapakuwa na mistari. Kulikuwa na madoa yenye kingo, kama ramani, na vitone vilivyoruka hadi chini ya kochi. Nikapitisha ukingo wa kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake. Mlangoni ilitoka na unga mweupe. Sebuleni haikutoka na kitu, ila kidole kilihisi jiwe linakwaruza.

Grauti ya sebuleni ilikuwa imekwisha tangu chupa ya kwanza. Chupa tatu zilizofuata zilikuwa zinachoma jiwe, na jiwe lililochomwa hufifia weupe unaofanana sana na grauti. Mama aliona weupe, akaongeza dawa, dawa ikaleta weupe mwingine. Hapo hakuna sabuni itakayosaidia. Inabidi mashine na pedi za almasi, kuanzia zenye makali mpaka laini kabisa, kisha unga wa polishi. Kazi hiyo ni ghali kuliko kuondoa grauti yenyewe, na huwa tunamwambia mteja hivyo kabla hatujashusha mashine kwenye gari.

Kipimo cha nyumbani ni ndimu. Chukua kipande kilichobaki wakati wa ujenzi, au kona iliyo nyuma ya friji, udondoshee tone moja. Ngoja dakika 5, futa, tazama kwa mwanga wa ubavu. Pakibaki duara lililofifia, jiwe hilo ni la ukoo wa chokaa, marumaru ikiwemo, na asidi isiliguse tena. Lisipobadilika, huenda ni graniti au kigae cha kiwandani.

Jiwe la ukoo huo linasafishwa kwa subira. Tunaanza likiwa kavu, tunakwangua kwa plastiki au mti, tukilaza kikwangulio. Kisha maji ya vuguvugu na dawa isiyo na asidi, eneo dogo dogo, tukisugua kwa pedi nyeupe ya nailoni na kufyonza tope lile kabla halijakauka upya. Kwa joto letu, hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi: anasugua chumba kizima, akirudi alikoanzia utando umeshajilaza tena. Steliwaya ikae jikoni na sufuria. Kwenye marumaru inakwaruza, na vijichembe vyake vinavyobaki vitaota kutu.

Graniti ni ngumu zaidi na huvumilia dawa ya asidi hafifu ya kuondoa grauti, ile ya sulfamiki. Hata hivyo tunajaribu kona kwanza, kwa sababu baadhi ya graniti zina chembe za chuma ndani na asidi huziamsha zikawa madoa ya njano. Mistari ya grauti tunailowesha kwa maji kabla, isinywe dawa, na mwisho tunasuuza kwa maji yenye magadi soda kidogo. Asidi ndiyo inaingizwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Na usiichanganye kamwe na jiki: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na ndani ya bafu lenye dirisha dogo ni hatari kwa mapafu.

Grauti ya epoksi ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni aina ya plastiki, asidi haiisumbui, na inahitaji dawa yake maalumu.

Kuna pia weupe ambao fundi anasingiziwa. Nyumba zinazodeki kwa maji ya kisima yenye chumvi hujenga utando wao wenyewe kila siku. Na kama unga mweupe unatokea kwenye mistari tu, ukiufuta leo na wiki ijayo umerudi, hiyo ni chumvi inayopandishwa na unyevu kutoka chini. Tukikuta hivyo hatuchukui kazi ya usafi. Tafuta kwanza maji yanaingilia wapi.

Kwa anayejenga sasa: jiwe lipakwe sila (dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe) kabla ya grauti kuguswa, na fundi ajaze eneo analoweza kulifuta mwenyewe ndani ya dakika chache, kwa sponji safi na maji yanayobadilishwa. Maji ya ndoo yakishakuwa kama maziwa, anachofanya ni kuipaka grauti upya.

Na ukitupigia, tutafutie kile kipande kilichobaki stoo. Tutakiomba kabla ya kutaja bei.