Tranka la Mzee lisiguswe

Ukonga, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Mama Neema mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Songea, za baridi, za wajukuu, za mahindi? Sisi tu wazima. Baba Tuma anaendelea na kliniki, sukari imeshuka, tunamshukuru Mungu. Salamu nyingine utanidai, maana nina jambo la haraka.

Mama Koku kanipigia jana. Ananiambia mmekaa kikao cha ukoo, nyumba ya Mzee, marehemu baba yako, inapangishwa, na chumba cha nyuma kinasafishwa wiki hii. Ati kaka yako wa Mbinga kasema vyombo vigawanywe, nguo wapewe wahitaji, makaratasi yachomwe. Mama Neema, nakuomba kwa jina la urafiki wetu: lile tranka la bati lililokuwa chini ya kitanda, lenye maandishi ya rangi nyeupe juu ya kifuniko, lisiguswe na mtu. Lipeleke kwako leo. Kama limeshatolewa uani, lifuate uani.

Unalikumbuka vizuri kuliko mimi. Mzee alilifungua mbele yangu nilipokuja kwa ubatizo wa Neema, akanionyesha picha ya darasa lao, vijana wamevaa kaptula wamesimama safu tatu, padre kakaa katikati. Kulikuwa na madaftari, kitabu cha sala, barua za baba yake, na karatasi za mitihani. Wakati ule nilitazama kama mgeni anavyotazama vitu vya mwenyeji, nikasifu, tukaenda kula. Leo ndiyo naelewa kilichomo mle ndani.

Nikueleze kilichoniamsha. Yule kijana wa dada yangu amepangiwa kidato cha tano Pugu Sekondari. Nilimsindikiza siku ya kuripoti, ni karibu na kwetu hapa, unapita Gongo la Mboto unapanda kilima. Tukiwa tunasubiri nikawauliza wanafunzi wawili wa kidato cha sita, wanaijuaje shule yao? Wakajibu kwa adabu nzuri: Mwalimu Nyerere alifundisha hapa. Nikauliza, na kabla yake? Kimya. Na baada yake? Kimya. Watoto wenye akili, wamefaulu vizuri, wanalala juu ya historia nzito namna ile na hakuna aliyewaambia.

Siwalaumu hata kidogo. Mimi nimefundisha Historia mpaka nimestaafu, na tulikuwa tunafundisha vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani kwa kutaja Pangani, Bagamoyo, Saadani, basi. Pugu haimo. Na Pugu ilikuwemo! Wamisionari Wabenediktini wa Kijerumani, haohao wa Peramiho yenu, walipokuja nchini mwaka 1888 walianzia Pugu. Kituo chao cha kwanza kabisa ni pale kilimani, miaka kumi kabla ya Peramiho kuanzishwa. Walipokea watumwa waliokombolewa, wakaanza kujenga na kulima. Januari 1889 kituo kikavamiwa. Mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka mpaka walipokombolewa. Abushiri bin Salim mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Sasa niambie, mtoto anayesoma Historia ya kidato cha tano, akiambiwa kwamba vita anavyovisoma kitabuni vilifika kwenye kilima anachofulia nguo zake, si ataamka usingizini?

Kinachoniumiza zaidi ni wale waliokombolewa. Majina ya wamisionari waliokufa yameandikwa na shirika lao, wanaombewa. Wale waliotolewa utumwani wakaletwa pale, wakadhani wamefika salama, halafu moto ukawakuta humohumo, nani anawataja? Ninawafikiria sana. Ndiyo maana naona kila karatasi ya mtu wetu mweusi aliyepita pale ina thamani, kwa sababu za wenzetu zimetunzwa Ulaya na zetu zimo kwenye matranka ya wazee, zinaliwa na mchwa.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia Wajerumani wakaondolewa, na mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi, watawa wa Mtakatifu Fransisko, wakakabidhiwa jimbo la Dar es Salaam. Ndio waliokuwepo na Askofu Maranta wao, aliyeongoza tangu 1930 mpaka 1968, alipompisha Kardinali Rugambwa. Ni zama hizo za Maranta ambapo Pugu iliitwa St. Francis' College, jina la mtakatifu wao, ikawa miongoni mwa shule chache mno za Waafrika zilizofika darasa la kumi na mbili. Nchi nzima, Mama Neema. Ndiyo maana Mzee wako alitoka Songea kwa lori mpaka Njombe, akaunga basi, akaunga treni, akateremka stesheni ya Pugu na tranka kichwani. Hilohilo tranka! Hakwenda kutalii. Karibu na kwao hapakuwa na mlango mwingine wa kupitia.

Na aliingia Pugu mwaka 1953, mwaka uleule ambao Mwalimu alianza kufundisha pale. Alikuwa ametoka Edinburgh mwishoni mwa 1952, ameoa Januari, kaja na Mama Maria. Aprili akachaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika kilichotangulia TANU. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa Kariakoo. Hebu fikiria maisha hayo: Jumatatu mpaka Ijumaa kusahihisha madaftari Pugu, mwisho wa wiki kilomita kama 20 kushuka mjini kwenye vikao, Jumatatu tena chaki mkononi. Machi 1955 akahutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York, aliporudi akatakiwa achague, ualimu au siasa. Akaandika barua ya kuacha kazi mwezi huohuo. Kwa hiyo wale vijana wa kaptula kwenye picha, walimpoteza mwalimu katikati ya masomo yao, nchi ikampata.

Unajua wazee wengi wakiulizwa habari za Mwalimu hupamba. Mzee wako hakupamba, na ndicho nilichompendea. Alikuwa anasema maneno mawili matatu, kwamba alikuwa mwembamba, anafundisha kwa kuuliza, halafu anahamia kwenye habari za uji, kengele ya alfajiri, misa, jembe, na jinsi mbu wa Pugu walivyowafunza sala ndefu. Alicheka mwenyewe mpaka anakohoa. Mimi nilikuwa namvuta arudi kwa Nyerere, yeye anarudi kwenye uji. Leo ningempa nini anirudishie ule uji! Maana ya Nyerere yapo kwenye vitabu, ya uji hayapo popote.

Naomba usinielewe vibaya, nampenda Mwalimu, na jina la shule kukumbukwa kwa ajili yake ni halali. Hata barabara tuliyozoea kuiita ya Pugu sasa ni ya Nyerere, na mimi naipita kila siku kwa heshima. Lakini miaka yake miwili imemeza miaka mingine yote. Rais Mkapa naye alisoma hapo kabla ya kwenda Makerere, na hata yeye anatajwa kidogo. Sembuse waliotoka wakawa walimu wa shule za msingi, makarani wa posta, waganga wasaidizi, makatekista. Mzee wako alifundisha wilaya nzima kusoma, wewe mwenyewe unajua. Huyo ndiye Pugu.

Halafu kuna lile la mwaka 1969. Hapa ndipo nilipokuwa nataka tukae tuongee uso kwa uso, maana kwenye karatasi haliishi. Sheria ya Elimu ikapita, na kuanzia 1970 serikali ikachukua shule. St. Francis ikawa Pugu Sekondari. St. Joseph's Convent pale Kanisani Mtakatifu Yosefu ikawa Forodhani. Marian College ya Morogoro ikawa Kilakala. St. Mary's ya Tabora, ambako Mwalimu alianzia ualimu, ikawa Milambo. Na si za Wakatoliki tu, Aga Khan ya wavulana ikawa Tambaza. Aliyefanya hayo ni Mkatoliki wa misa ya kila siku, mwalimu wa zamani wa shule mbili kati ya hizo! Mimi huwa nasimama hapo nikastaajabu. Angeweza kuwaonea haya mapadre waliompa kazi. Hakuwaonea.

Na alikuwa na sababu. Nafasi za sekondari zilikuwa kiduchu, na zilifuata dini na rangi. Mtoto wa Kiislamu wa Kisarawe anaiona shule kutoka kwao, lakini mlango wake haujui. Haikuwezekana kujenga nchi moja namna ile. Nakumbuka Mzee alivyolisema: kwamba siku aliyosikia tangazo alinuna, akaona kanisa limenyang'anywa, na miaka michache baadaye mtoto wa jirani yake Mwislamu akachaguliwa kwenda Pugu, akamwazima tranka. Akamwazima tranka, Mama Neema! Lile lile. Ulikuwa unalijua hili? Kama huyo kijana yupo hai natamani kumwona.

Lakini kuna kitu kilipotea katikati, na ndiyo hoja yangu. Nionavyo mimi, shule ilipobadilisha mmiliki, kumbukumbu zake zilibaki njia panda. Kanisa likaona si yake tena. Serikali ikaanza kuhesabu upya. Nilikwenda kwenye ofisi moja hapa mjini kuulizia rejista za wanafunzi wa miaka ya 50, nikazungushwa madirisha mpaka nikachoka, mwishowe yule binti akaniambia, mama, hayo ni ya zamani sana, watu wenyewe si wameshakufa? Nilishuka ngazi nina hasira mpaka sikuona njaa. Sasa watu wenyewe wakifa, na tranka likachomwa na mtoto wao, tutamlaumu nani?

Basi nakuomba haya, na usiyachelewe. Tranka lifunguliwe na wewe, si watoto. Liweke kwenye meza iliyo mbali na ukuta, uliangalie kama lina mchwa. Karatasi zilizogandana usizibandue kwa nguvu. Usipeleke kitu kuwekewa nailoni wala usibandike picha kwa gundi, hata fundi wa studio akikushawishi. Mwite Neema na simu yake, apige picha kila ukurasa nje kwenye kivuli, bila taa ya simu. Halafu mchukue shangazi yako wa Matimila wakati macho yake bado yanaona, mkalishe, mpe ile picha ya darasa. Alikuwa anawajua wenzake Mzee waliokuwa wakija likizo. Kila jina atakalolitaja liandike nyuma kwa penseli, si kalamu ya wino, polepole usikandamize.

Na tafadhali usilitume kwa basi. Najua utasema kondakta ni jamaa. Mwaka ule mahindi yalifika, tranka halitafika. Nitalifuata mwenyewe, au wewe uje nalo mwezi wa nane tuje tupande treni ya mwendokasi mpaka Morogoro, hujaipanda, inapita palepale Pugu, nikuonyeshe kilima kutoka dirishani ukiwa umekaa kama malkia. Wazee wetu walishuka pale na masizi usoni.

Kuna walimu vijana wawili wa pale wako tayari, nimeshaongea nao. Wanataka kuweka ukuta mmoja tu wa picha na majina ili mtoto akiripoti aone. Hawataki kuchukua chochote chako, nakala zinatosha, vitu vyenyewe virudi kwenu. Kaka yako nitampigia nikipewa ruhusa yako, nitaongea naye taratibu. Anaumia, namwelewa, mtu akifiwa na baba anataka chumba kiwe kitupu ili asikione tena. Mwambie sitamnyang'anya baba yake.

Nilikuwa nataka pia nikuandikie habari za harusi ya mtoto wa Mama Koku, na lile suala la kwaya, lakini mkono umechoka na Baba Tuma anadai chai.

Niambie basi: tranka lipo wapi sasa hivi, unapoisoma barua hii? Ufunguo anao nani? Zile barua za babu yako, ziliandikwa Kingoni au Kiswahili? Mzee aliwahi kukwambia aliacha kwa sababu gani kwenda Makerere, ilhali alifaulu? Yule kijana aliyeazimwa tranka ni wa nyumba ipi, ile ya karibu na kisima au ya mwalimu wa madrasa? Mapadre wa Peramiho hawana kitu cha Pugu kwenye maktaba yao, unaweza kumuuliza yule bruda mzee anayekuja kununua maziwa kwako? Shangazi anaona bado? Na wewe, unalala usiku? Unakula? Nimekuuliza ya tranka kurasa nzima na wewe ndiye uliyempoteza baba. Nijibu hili la mwisho kwanza, kisha ya tranka.

Wako daima,
Mama Tuma