Salamu za Pasaka kutoka kwa fundi wenu

Bwana amefufuka! Najua wengine mtaitikia "amefufuka kweli kweli," na wengine mtaitikia "fundi, gauni langu lipo?" Wote nawapokea. Heri ya Pasaka, mama zangu, dada zangu, kaka zangu wa suti, na ninyi wanakwaya wa sare za zambarau mlionikesha hadi saa nane za usiku katikati ya Juma Kuu.

Kwaresima kwa wengine ni mfungo. Kwetu mafundi ni mavuno. Jumapili ya Matawi ikishapita, cherehani haipoi. Mtoto asiye na nguo mpya siku ya Pasaka hulia, na mama yake humlilia fundi. Basi mwaka huu, huku napinda marinda, mawazo yangu yalikuwa kwa watu wa mji mmoja ambao Pasaka fulani walikubaliana wasinunue hata kitambaa.

Ni Birmingham, katika jimbo la Alabama, Marekani, mwaka 1963. Mji ulikuwa na wakazi kama 340,000, na takriban wanne katika kila kumi walikuwa weusi. Mtu mweusi aliruhusiwa kumalizia mshahara wake kwenye duka kubwa la mjini, ila si kuketi kwenye kaunta ya chakula ya duka hilo hilo. Maji ya kunywa yalikuwa na rangi, ya weupe kando na ya weusi kando; choo kilikuwa na rangi, hata chumba cha kujaribia nguo. Hilo la mwisho ndilo linalonikaa rohoni. Katika maduka mengi ya kusini mwa Marekani mteja mweusi hakuruhusiwa hata kujaribu kofia. Wanapokea pesa yake, lakini hawataki nguo yao imguse kabla hajailipia!

Chama cha NAACP, ambacho kwa miaka mingi kilipigania haki za weusi mahakamani, kilipigwa marufuku Alabama mwaka 1956. Siku chache tu baadaye mchungaji Fred Shuttlesworth na wenzake wakaanzisha chama chao, Harakati ya Kikristo ya Alabama ya Haki za Binadamu. Usiku wa Krismasi mwaka huo huo nyumba yake ililipuliwa kwa bomu akiwa kitandani. Alitoka kwenye kifusi akitembea, na kesho yake akaongoza watu kupanda mabasi ya mji na kuketi viti vya weupe.

Mwaka 1962 wanafunzi wa Chuo cha Miles, chuo cha weusi, waliwasihi watu wasinunue madukani mjini, wavae nguo zao kuukuu. Wenye maduka walitikisika, wengine wakavishusha vibao vya ubaguzi. Mambo yalipotulia, vibao vikarudishwa. (Mteja wa aina hiyo namfahamu: anaahidi kulipa siku ya kuchukua, akishavaa humwoni.)

Ndipo Shuttlesworth akamwita mchungaji Martin Luther King na SCLC, chama chake cha kupigania haki za weusi, wakaichagua Pasaka iwe msimu wa kugomea maduka na kuandamana. Hawakuichagua kwa sababu za ibada peke yake. Baada ya Krismasi, hakuna msimu ambao maduka yale yaliuza kama huo. Wyatt Tee Walker, mtendaji wa SCLC, alikwenda madukani kuhesabu viti vya kaunta. Alipima hata muda wa kutembea kutoka kanisani hadi mlango wa duka: kijana dakika ngapi, mzee dakika ngapi. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Huyo ni fundi, amechukua vipimo kabla ya kushika mkasi.

Walianza tarehe 3 Aprili kwa kuketi kwenye kaunta, na kukamatwa. Wiki iliyofuata jaji akatoa amri ya kuzuia maandamano. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 12, viongozi walikuwa wamejazana Chumba namba 30 cha Gaston Motel, nyumba ya wageni walikokutania. Fedha za dhamana zilikuwa zimekwisha, na wengine walimshauri King asiende gerezani bali akatafute pesa. Akaingia chumba cha pili. Alipotoka, mchungaji yule wa suti na tai alikuwa amevaa jinzi na shati la kazi. Mchungaji mwenzake, Ralph Abernathy, naye akavaa jinzi. Hiyo ndiyo ilikuwa nguo yao ya Pasaka. Wakatoka kuandamana, wakakamatwa.

Akiwa mahabusu, King alisoma gazetini tamko la viongozi wanane wa dini, wote weupe, waliosema maandamano yale hayana busara na wakati wake haujafika. Majibu alianza kuyaandika pembezoni mwa gazeti lenyewe. Jumapili ya Pasaka, weusi walikwenda kusali kwenye makanisa ya weupe. Machache yaliwapokea, mengine yaliwafungia mlango. Sijui waliowafungia waliimba wimbo gani asubuhi ile.

Yaliyofuata mwezi Mei mmeyaona kwenye picha: watoto zaidi ya elfu moja wakiacha shule kuandamana, kisha mbwa wa polisi na mipira ya maji ya zimamoto. Tarehe 10 Mei makubaliano yakatangazwa. Kaunta zingefunguliwa kwa wote, vyoo na mabomba ya maji vivyo hivyo. Vyumba vya kujaribia nguo ndivyo vingetangulia, ndani ya siku tatu tu baada ya maandamano kukoma. Usiku wa kesho yake mabomu yalilipuka nyumbani kwa mdogo wake King na pale Gaston Motel.

Mimi ninayekula kwa nguo za sikukuu nimejiuliza: ningekuwa fundi Birmingham mwaka ule, wateja wakaniambia "dada, Pasaka hii hatushoni," ningepiga makofi au ningenuna? Nadhani ningenuna siku mbili, kodi ya chumba ikinitazama. Halafu ningetafuta jinzi yangu.

Basi kuleni wali kwa amani, na mgonjwa wa jirani apelekewe sahani. Jumatatu ya Pasaka nimefunga. Jumanne saa mbili asubuhi nipo. Mama mwenye kitenge cha tausi, gauni lako liko tayari, na pazia la kujaribia nimelifua. Usilipe kabla hujalivaa.